Mgeni Aliyeingia Chumba cha Eda

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo, chumba cha ndani, na hakuna mwanamume asiye maharimu wake aliyemtia machoni. Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani tulimfungia. Wanawake wa mtaani walimiminika kutwa na uji, mikate ya kumimina na umbea wa kumchekesha mjane mpaka akajiona anakosea kucheka. Sijapata kumwona mama akienziwa vile, kabla wala baada.

Wakati huo mradi mmoja wa kuwawezesha wanawake ulikuwa na ofisi Kerege, kando ya barabara. Mgeni wao, Mzungu wa makamo yangu, aliomba kuja kutoa pole, akaletwa na dada mmoja wa ofisini, Mtanzania mwenzetu, msomi. Wangekuwa wanaume wangeishia barazani. Kwa kuwa ni wanawake tuliwaingiza hadi ndani, na mama, kwa joto lile, hakuhangaika kujitanda mtandio. Mgeni akakaa mkekani, akamshika mkono, akalia machozi ya kweli. Mkono wa pili ulishika simu. Mimi nilikuwa namimina chai.

Mama alikwisha kutoka eda nilipopita Kerege kwa bodaboda nikamwona juu ya bango la ule mradi. Uso wake, nywele zake, na chini yake maneno kuhusu mjane aliye mfungwa wa mila. Madereva wa malori walikuwa wamejipumzisha kivulini mwake wakila mihogo.

Niliingia ofisini kwao. Yule dada akanikalisha kitini.

"Dada yangu, wafadhili wanataka kuona hali halisi. Usilichukulie hivyo."

Nikamuuliza kama naye mama yake akifiwa atamtundika barabarani.

"Mama yangu ni mkuu wa shule mstaafu," akasema. "Hayo ni mambo mengine."

Nilimwelewa vizuri mno. Mzungu alipiga picha, lakini aliyemwonyesha ni nani wa kupigwa alikuwa mwenzetu. Nilipiga kelele hadi bango likashushwa, ila picha ilikwisha kwenda kusikofikika. Mama ndiye aliyekuwa akiwasomea wanawake wenzake maulidi. Aliacha. Alisema hawezi kukaa mbele ya wake ambao waume zao wamekwisha kuziona nywele zake. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mimi nilibaki nikiwachukia wote wawili, na sikutaka chuki ile ipoe.

Mwaka juzi mgeni alirudi, peke yake. Nilisikia hodi, nikamkuta mlangoni ndani ya dera, ushungi umefungwa sawasawa, na Kiswahili amejifunza.

"Nimekuja kumwomba mama radhi," akasema. "Ile picha ilinipandisha cheo, na tangu hapo sina raha. Naomba nimwone."

Mama alikuwa uani anakuna nazi. Namjua mama yangu. Angemsamehe kabla chai haijapoa. Angemkalisha karibu yake, angemfungia na samaki wa kukaanga, na yule mwanamke angerudi kwao mwepesi, akawasimulie wenzake jinsi alivyosamehewa na mjane wa Bagamoyo. Kwa mara ya pili angetoka nyumbani kwetu amekipata alichokijia.

"Mama alishafariki," nikamwambia.

Akashika nguzo ya mlango. Akauliza kwa sauti ndogo kama kabla ya kufa alisema lolote juu yake.

"Alisema hakusamehe."

Nilimtazama usoni hadi nilipohakikisha limemwingia. Utamu nilioupata sitaukana. Akarudi kwenye bodaboda iliyomleta.

Mama akaingia anajifuta mikono, akauliza alikuwa nani. Nikasema ni mgeni mwenye haraka. Akanigombeza jioni nzima kwa kumwacha mtu aondoke mlangoni kwetu bila hata maji ya kunywa.