Kiatu Ndani ya Chungu cha Maharagwe

Sura ya kumi na mbili si yangu. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Mwenye sura amekwisharudi kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, na maofisa wa forodha wa siku zile wamestaafu, kwa hiyo naweza kusema. Sura kumi na moja za mwanzo niliziandika mimi, na ndiyo maana hakuna anayezikumbuka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Bwera, mji wa mpakani, nimetoka chuo kikuu na shahada yangu na imani kwamba vijana wetu hawasomi kwa sababu hawajapata mtu wa kuwaandikia. Nilitazama huku na huku kumtafuta mtu huyo, nikajiona mimi. Nikaichukua ngano ya zamani ya Ulaya, ile ya binti yatima anayedondosha kiatu akitoka dansini, kisha mtoto wa mfalme anazunguka nchi nzima akikijaribisha kwenye miguu ya watu. Nikaigeuza riwaya ya vijana. Jumba la mfalme likawa klabu ya mgodi, Kilembe. Mtoto wa mfalme akawa mtoto wa meneja. Na badala ya saa sita usiku nikaweka lori la mwisho la kurudi Bwera, linaloondoka saa kumi na mbili jioni na halimngoji mtu. Hilo la lori ni langu. Naomba mniachie.

Kazi ilikwama pale kijana anapofika Bwera na kiatu mkononi. Nilimtembeza nyumba kwa nyumba kurasa ishirini, kila nyumba akikaribishwa chai. Mwandishi mwenyewe nilikuwa nasinzia.

Siku ya soko nikaenda kununua viatu. Aliyeviuza alikuwa mama mmoja wa Butembo, rozari shingoni, sauti ya kuita ng'ombe. Mbinu yake tuliijua sote na hakuna aliyeitaja: viatu vya mguu wa kushoto vilivushwa mpakani Jumanne, vya kulia Ijumaa, kwa njia nyingine na vichwani mwa watu wengine. Maofisa wakikamata gunia zima la vya kushoto, wamekamata nini? Sisi wateja tulinunua cha kushoto Jumanne, tukakificha, tukasali mpaka Ijumaa.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Aliushika mguu wangu akinivisha, akaniuliza mbona nina uso wa mgonjwa. Nikamsimulia riwaya.

"Huyu kijana yako," akasema, "anakuya Bwera na kiatu moja?"

"Kimoja, mama."

"Anauliza batu, ya pili iko wapi?"

"Ndiyo. Anamtafuta mwenye nacho."

Akauachia mguu wangu ukaanguka. "Mwalimu! Huyo si fiancé ya kuoa. Huyo iko mutu ya douane!"

Mzee aliyeuza chumvi ya Katwe pembeni yake aliinua kichwa. "Wa forodha kabisa," akasema. "Mimi ningekimbia, kofia ingenifuata baadaye."

"Bote banakimbia!" akasema mama. Na hapo hapo, akiwa amechuchumaa, akaimaliza hadithi yangu. Bwera nzima inafunga milango. Mama wa kambo, ambaye katika ngano ya Ulaya anawasukuma binti zake mbele, hapa anawaingiza chini ya kitanda. Wanawake wanaolazimishwa kukijaribu kiatu wanakunja vidole vya miguu, kisije kikawaenea. Binti mwenyewe anaulizwa, anajibu, "Kiatu gani? Sijui kiatu," na cha pili amekizika ndani ya chungu cha maharagwe kilicho jikoni. Kijana amechoka, anaomba chakula. Mgeni hanyimwi chakula. Anapakuliwa, anakula, anaomba tena, anaongezewa tena, mpaka upawa unagonga kisigino cha kiatu. Na yule kijana, badala ya kupiga kelele, anakiangalia kiatu, anamwangalia binti, anasema maharagwe yamekolea chumvi vizuri.

"Sasa binti anajua si mutu ya douane," akamaliza mama. "Leta mguu."

Niliiandika jioni ile ile, Jumanne na Ijumaa zake zikiwemo. Nilichofanya ni kuinyoosha lugha, na nadhani hapo pia niliharibu.

Mhariri wa Nairobi akajibu kwa barua. Sura kumi na moja za mwanzo, alisema, zinafaa. Ya kumi na mbili ilikuwa imezunguka ofisi nzima mpaka kwa wapiga chapa, na imerudi na alama za chai. Alitaka ngano tatu zaidi zigeuzwe riwaya, kwa sharti kwamba zitoke kwenye mkono ulioandika sura hiyo. Je, nilisaidiwa na mtu? Nikamjibu nusu ukurasa. "Ni ubunifu wangu mwenyewe," niliandika, na nikapiga mstari chini ya "mwenyewe" mara mbili.

Kisha nikajaribu kubuni. Nilianza na ngano ya chura anayegeuka bwana harusi. Kufikia sura ya tatu chura wangu alikuwa anawahutubia wanakijiji kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Nikahamia kwa msichana anayekutana na mnyama mkali akienda kwa bibi yake. Mume wangu alisoma kurasa arobaini, akauliza, "Huyu chui atamla lini?"

"Sura ya tisa."

"Mharakishe."

Ndipo ikaja simu ya maandishi: mhariri atapiga simu Posta ya Kasese Jumamosi saa nne asubuhi. Kitabu kiko tayari, ukurasa wa jina tu ndio unangoja, na anataka kusikia habari za zile tatu. Nikajua nimekwisha. Nikaenda sokoni kukiri.

Nilitegemea hasira. Mama alisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Jina yangu itaandikwa?"

"Ukurasa wa kwanza," nikasema, nikijisikia mkarimu kama mfadhili wa kanisa. "Kwa herufi kubwa."

"Na mambo ya kushoto na kulia, iko ndani?"

"Yamo."

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne."

Akafanya ishara ya msalaba. "Mwalimu, unataka kuniua na kitabu?"

Hata hivyo alikubali kunisindikiza Kasese. Alikuwa na gunia lake la kupeleka karibu na stesheni, na nilipomwambia kwamba pale Posta mtu huongea ndani ya kibanda, alisema angependa kuona mwalimu akiungama mahali pasipo na padri. Tukapanda lori la pamba, yeye juu ya gunia lake, mimi juu ya dhambi yangu.

Simu ya saa nne ililia saa tano na nusu. Karani wa Posta, kijana wa serikali aliyevaa kaki iliyopigwa pasi, alituelekeza kibandani, kisha akabaki kasimama mlangoni, maana mazungumzo ya Nairobi hayakuja kila siku. Nikaushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Sura ya kumi na mbili si yangu," nikasema kabla hata ya salamu.

"Nilijua," akasema mhariri. "Barua zako si nimezisoma? Ni ya nani?"

"Niko naye hapa."

"Mpe simu."

Nikampa. Mhariri aliongea kwa sauti ya mtu asiyeamini nyaya, kwa hiyo sote watatu tulimsikia. "Mama, hujambo? Ile hadithi ya kiatu ni yako?"

Mama akamtazama karani, akaitazama kaki yake, vifungo vyake.

"Kiatu gani?" akasema. "Sijue kiatu. Sijue hadithi. Miye natafuta tu mafuta ya taa. Na huyu mwalimu, simujue."

Nikatazama chini. Alikuwa amekunja vidole vyote vya miguu.

Aliponirudishia simu, Nairobi ilikuwa inacheka mpaka karani akaja kuangalia kama waya umeharibika. "Basi ni yake," akasema mhariri alipopata pumzi. "Mtu mwingine asingeikana namna hiyo. Jina litakuwa lako, Mwalimu. Libebe. Na akiuliza mtu, kanusha kama yeye. Sasa, zile tatu? Tuanze na ya chura?"

Nikafunika simu kwa kiganja, nikamgeukia mama. Alikuwa ameshajitwika gunia, mgongo kwangu, anaelekea mlangoni.

"Mama, anauliza habari za chura."

"Simujue," akasema. Akapiga hatua mbili, akasimama. "Muulize, ile chura inavuka siku gani?"