Samaki Aliyesalimia

Juzi, kwenye saluni moja ya mtaa wa Umoja, nilimwona samaki mwekundu ndani ya bakuli la kioo, mdomo juu ya maji, akihema.

"Anasalimia wateja huyo," akasema mwenye saluni.

"Dada, bakuli hili ni dogo, anakosa hewa."

Akacheka, akawasha mashine ya kukausha nywele.

Nilikasirika kupita kiasi, maana samaki wa namna hiyo tulishawahi kuwa naye nyumbani Kariobangi nilipokuwa mtoto. Alasiri moja mama alimbadilishia maji, akatia na dawa ya kuua vijidudu, ile ile tuliyokuwa tukitia kwenye mtungi wetu wa maji ya kunywa.

"Kwangu hapa hakuna atakayekunywa maji machafu," alisema.

Chumba kizima kikanuka dawa. Nje mafundi walikuwa wakigonga mabati. Samaki akapanda juu, akawa anafungua mdomo na kuufunga, kama anayefuata mlio wa nyundo.

Leo najua dawa ile ilikuwa ikimchoma mashavu anayovutia hewa, asiweze kupumua. Siku hiyo nilidhani ananisalimia. Nikavuta stuli, nikaketi, nikawa namwitikia kwa adabu kama nilivyofundishwa, mpaka akanyamaza.