Saa ya Gurudumu Iliyowafungia Wakwe Mlangoni

Ukipita mtaa wa Panda, hapa Likasi, Katanga, ukasikia watu wanasimulia kwamba kuna baba mmoja aliwafungia wakwe mlango siku ya mahari ya binti yake, wakakaa nje juani pamoja na bibi kizee wao, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, na afadhali unisikie mwenyewe kwa sababu wao wakisimulia huongeza kwamba nililia, na mimi sikulia (lilikuwa jasho, ilikuwa mwezi wa Oktoba, na aliyewahi kukaa Likasi mwezi wa Oktoba anajua jasho ninalolisema).

Kazi yangu ni ajusta, fundi wa kuchonga na kulinganisha vyuma. Miaka mingi niliamshwa na sirena (king'ora) ya kiwanda, na si mimi tu, kambi nzima ya wafanyakazi iliamka nayo, wake zetu walisonga bukari, ugali wetu, kwa kuisikia, na hata mbwa wetu walijua ile ya mchana ndiyo ya kwenda kungojea mifupa. Kisha ikaja ile miaka ya tisini, mshahara ukasimama, mashine zikasimama, na siku moja sirena nayo ikanyamaza bila mtu kutuambia lolote. Sikujua kwamba kimya kinaweza kuvuruga watu namna ile. Watoto walifika shuleni mwalimu akiwa bado kitandani, umeme kutoka bwawa la Koni ulikuja na kuondoka ulivyopenda, betri zikawa kitu cha kuhadithiwa, na saa yangu ya mkononi tuliila (maana yake niliibadilisha na unga).

Basi nikaunda saa. Nyuma ya nyumba nilikuwa na kibanda cha kuku ambacho kilibaki wazi baada ya kuku nao kuliwa, nikaingiza humo meza, msumeno na tupa zangu, nikawa nashinda humo kwa sababu mwanaume asiye na kazi akikaa sebuleni anaishia kugombana na mkewe. Nilichukua gurudumu la baiskeli nikalitia meno ya chuma, nikalisimamisha juu ya fremu ya vyuma, nikalifunga mnyororo wenye uzito wa kulivuta lizunguke, na juu yake nikaweka fimbo ya chuma yenye nati mbili ncha kwa ncha, inayocheza kushoto na kulia, tak, tak, ikilizuia gurudumu lisikimbie bali liende jino kwa jino. Namba nilizichora juu ya mfuniko wa pipa. Uzito wenyewe ulikuwa mkebe wa maziwa ya unga niliojaza mchanga, na hapo ndipo palipokuwa na ufundi, kwani mchanga ukizidi saa inakimbia, ukipungua inasinzia, nami nilikaa nikiongeza kijiko, natoa kijiko, nasikiliza kengele ya parokia, mpaka ikatulia na kwenda vizuri. Jambo hilo la uzito hakuna aliyelijua kama mimi. Shika hapo, kwa sababu ndipo aibu yangu ilipo.

Majirani wakaanza kuja. Asubuhi mtu anachungulia kwenye ua, "Papa Sirène, saa ngapi?" (jina lenyewe ndilo hilo walilonipa), nami sijibu haraka, nafuta mikono kwanza, naingia kibandani, natoka, natamka saa kama padri anayetangaza ndoa. Mke wangu, Mama Georgette (ni jina lake mwenyewe, si la mtoto), alikuwa akisema kichwa changu kimevimba mpaka kofia hainiingii, na kweli kilivimba, kwa nini nikatae?

Sasa binti yetu mkubwa, Clémence, alikuwa amechumbiwa na Fidèle, kijana wa mtaa wa Kikula, mtu mpole, dereva. Siku ya mahari ilikuwa imepangwa mara mbili na mara mbili ikavunjika, kwa sababu hali ya miaka ile haikumwacha mtu akusanye vitu vya mahari. Mara ya tatu ilipopangwa Clémence alinifuata kibandani akasimama mlangoni.

"Papa," akasema, "hii ikivunjika tena, ba kwabo Fidèle batamutafutia mwingine. Banachoka. Na minye nachoka."

Nikamwambia atulie, hii haivunjiki, nitaisimamia mwenyewe. Heri ningemwachia mtu mwingine.

Kwetu wakwe wakichelewa siku ya mahari wanatozwa faini. Si ugomvi, ni mchezo wa heshima, wanatoa kuku au kasha la bia, wanawake wanapiga vigelegele, mlango unafunguliwa, basi. Lakini mimi mwenye saa peke yangu katika kambi nzima nitatoza kuku? Nilimtuma mdogo wangu Léon, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, awaambie watu wa Kikula wafike saa nne asubuhi (dix heures, kama tunavyosema sisi), kwa saa ya Papa Sirène, na atakayechelewa faini yake ni mbuzi. Mbuzi, miaka ile! Léon akaenda akayapeleka hivyo hivyo.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe niliitoa saa kibandani nikaisimamisha barazani, ili wakwe wakiingia wakutane nayo. Mama Georgette akaja na ufagio, akaizunguka, akaguna.

"Déo, weye utawekea bakwe huu mukebe ku macho? Iko na kutu. Batasema tunakulaka mu mikebe."

"Mukebe njo inatembeza saa, mama."

"Basi tafuta kitu ingine ya muzuri."

Nami, mjinga wa watu, nikakumbuka msalaba wa shaba wa babu yangu, ile shaba ya zamani ambayo wazee wa Katanga walikuwa wakiolea wake kabla ya noti kufika. Nikautoa chini ya kitanda, nikausugua kwa limao na majivu mpaka ukang'aa, nikauondoa mkebe nikautundika msalaba. Ulipendeza, siwezi kusema uongo. Niliupima mkononi nikahisi ni mzito kidogo kuliko mkebe, nikajiambia, kidogo tu, usiku mmoja utaharibu nini? Nikaenda kulala na furaha yangu.

Asubuhi kengele ya parokia ya saa kumi na mbili ilipolia, saa yangu ilikuwa imeipita kwa nusu saa nzima. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilicheka nikamwambia Mama Georgette, "Sakristani analala tena, maskini" (sakristani ndiye mpiga kengele wa kanisa), nikaenda kunyoa ndevu.

Saa yangu ikafika saa nne, barabara nyeupe, hakuna mkwe. Nikamwamuru Léon afunge lango kwa kitasa. Ikapita robo, ikapita nusu, majirani wakajaa kwenye ukuta, na mimi ndani ya koti la harusi yangu nazidi kuvimba. Mwishowe tukasikia nyimbo. Wanawake wa Kikula walikuja wamefunga vitenge vya namna moja, mabeseni kichwani, mbuzi wa mahari akivutwa kwa kamba, Fidèle ndani ya suti ya kuazima, na katikati yao bibi yake, kizee kabisa, ameshikwa mkono huku na huku. Nyimbo zikafika langoni zikakatika.

"Hodi!" akaita mjomba wake Fidèle, aliyekuwa msemaji wao.

"Munachelewa," Léon akajibu kwa ndani. "Faini ni mbuzi. Ingine, hapana ile ya mahari."

Wakacheka, wakidhani ni mchezo. Kisha mjomba akapandisha mkono wake juu ya lango tuuone, una saa ya mkononi. "Papa, angalia montre. Dix heures ingali haiyafika. Hatukuchelewa, tuko mbele."

Hapo nikasogea mwenyewe. "Saa ya mukono inaweza kudanganya," nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Iyi yangu nilitengeneza na mikono yangu."

"Njo maana," akajibu mjomba.

Majirani wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Kabla yake ningekubali hata yai. Baada yake nikasema lango halifunguki bila mbuzi, nikavuta kiti nikaketi karibu na saa yangu. Wakaongea, wakabembeleza, wakatoa kuku, wakatoa chupa, Léon akaninong'oneza, "Yaya, achia" (yaya kwetu ni kaka mkubwa), nikakataa. Jua likapanda. Huko nje kulikuwa hakuna mti wala baraza, na nikamsikia yule bibi akisema polepole, hata hakuwa amekasirika, "Bana bangu, minye nilitoka ku nyumba jua haiyatoka, juu nisicheleweshe bantu." Nilisikia vizuri sana. Nikajifanya natazama fimbo inavyocheza.

Mara mjomba akasema, "Inatosha. Tunarudia kwetu." Wanawake wakaanza kujitwisha mabeseni. Sikuamini kama wangekwenda kweli, na nilikuwa bado sijaamini wakati kengele ya parokia ilipolia, ile ya adhuhuri, ndefu, ikasikika kambi nzima, na kila mtu pale ukutani akageuza kichwa akatazama saa yangu, nami nikatazama. Ilikuwa inakaribia saa saba.

"Ku montre yangu midi juste!" akapaza sauti mjomba kutoka barabarani.

Nikasema (nasikia aibu hata sasa), "Sakristani analala tena."

"Hata muchana?" akauliza mtu ukutani, na hapo kicheko kikawa si cha kuzuia tena, wengine walikaa chini kabisa. Nikainamisha macho ili nisiwaone, na macho yakatua kwenye ule msalaba. Kwa wakati ule ulipaswa kuwa usawa wa goti langu. Ulikuwa karibu unagusa sakafu, umeteremka haraka kuliko mkebe wowote, na hapo nikajua kila kitu, mzito kidogo, usiku mmoja, na watu waliofika mapema tumewaunguza juani kwa kuchelewa ambako hakukuwapo. Nikajua, na nikanyamaza! Nilikaa kwenye kiti changu nikingoja Mungu afanye kitu.

Aliyefanya kitu ni Clémence. Binti wa kuolewa hukaa chumbani na shangazi zake mpaka aitwe, wakwe hawamwoni, hiyo hata mtoto anaijua. Alitoka. Alipita mbele yangu na mapambo yake yote, kikombe cha maji mkononi, shangazi wakimvuta kitenge kwa nyuma, akafungua kitasa, akatoka nje mpaka barabarani, akamnywesha yule bibi maji, kisha akaketi naye chini kwenye vumbi, upande wa wakwe. Binti amejipeleka mwenyewe kabla ya kupokelewa hata sahani ya mahari, jambo hilo mimi sijaliona tena, na Mama Georgette alishika kichwa kwa mikono miwili.

Hata mjomba aliogopa, akamgeukia Clémence. "Mama, rudia ndani, usituletee maneno."

"Nitarudia," akasema Clémence, "papa akikuya kunitwaa."

Hakunitazama. Angenitukana ningepata la kujibu. Nilisimama, nikatembea mpaka pale barabarani, na ilikuwa safari ndefu kwa sababu ukuta mzima ulikuwa unanisindikiza kwa macho. Fidèle alikuwa amesimama kando, ameshaishika kamba ya mbuzi tayari kuondoka, nikaona kwamba alikuwa ameshaanza kumpoteza mchumba wake kwa sababu ya mchezo wangu. Nikachuchumaa mbele ya bibi, nikapiga makofi polepole, mkono juu ya mkono, kama tunavyowapigia wakubwa tuliowakosea.

"Nkambo, munisamehe. Saa yangu inakimbia. Kosa ni ya minye."

Yule bibi akafikiri. "Inakimbia," akasema, "inaenda wapi?"

Alicheka yeye kwanza, meno mawili, kisha mjomba, kisha wote, na Clémence akaficha uso begani mwa bibi, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Nilimnyoosha mkono akaushika. Tukaingia wote.

Faini ilitozwa, bila shaka. Mjomba alisimama akasema kwa heshima kubwa kwamba kwa desturi ya nyumba hii anayeharibu saa hutoa mbuzi, na kwa kuwa mimi mbuzi sikuwa naye, yule wa mahari waliyetuletea aliingia langoni, akapokelewa kwa vigelegele, na jioni akarudi Kikula kwa kamba ile ile, mimi nikibaki na bukari na mboga za majani. Clémence alipoulizwa kama tupokee mahari alijibu, "Mupokee," mara moja, kabla sijapata nafasi ya kusema neno.

Miaka ilipita, ikaja mahari ya mdogo wake. Nilifungua lango kabla ya jua kutoka, nikaondoa na kitasa chenyewe. Wakwe walingojwa asubuhi, wakafika jua linazama, lori liliwafia njiani upande wa Buluo, na mzee wao aliingia ameinama, tayari ameshika kuku wa faini, akianza kueleza habari za tairi. Clémence, aliyekuja na watoto wake kunisaidia kupokea wageni, akampokea yule kuku, akampa mzee kiti.

"Papa, usihangaike," akamwambia. "Papa yetu hajue kusoma saa."

Nikaitikia kwa kichwa, nikawakaribisha.