Kofia Zilizokwama Nyuma ya Mlango

Nilirudi Amu, kisiwani Lamu, miaka michache baada ya uhuru nikiwa na diploma ya uongozi wa biashara. Sikusomeshwa na mtu. Niliosha vyombo katika hoteli za Ulaya mpaka nikajilipia karo. Katika mtaa wetu hakukuwa na wa kulinganishwa nami, na mpaka leo sijamwona.

Ami yangu alikuwa na biashara ya kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyoshonwa kwa mkono. Kitambaa kilikatwa na kuchorwa dukani, kikapelekwa majumbani kwa wanawake wa kushona, kisha kofia zikarudi kufuliwa na kutiwa wanga. Mwaka ule Idi ilikaribia na kofia nyingi hazirudi. Ami alikwisha kumpata wa kulaumiwa: Bi mmoja wa mtaa wa Langoni, mshonaji hodari, ambaye mumewe alikuwa Kiunga akivua.

"Amekuwa mvivu," alisema. "Kazi yake nampa mwingine."

Bi yule alilisha watoto kwa sindano ile. Nikamwomba ami asubiri, kwanza niifuate kofia ndia nzima, tangu mkasi hadi wanga.

"Ulaya walikufunza kufuata kofia?" aliuliza. Watu wa dukani wakacheka.

"Ndiyo, ami. Na cheti wakanipa."

Asubuhi yake nikatoka na mkusanyaji wa kofia, mtu mzima kutoka bara, mwaminifu na mwenye mwendo wa haraka. Ami alimwajiri badala ya bibi mzee aliyeifanya kazi hiyo zamani, kwa kuwa bibi alikuwa akiingia kila nyumba na kukaa kitako kuzungumza. Tulipofika Langoni, mkusanyaji alipiga hodi kwa sauti nene. Kimya. Akapiga tena, kisha akaniambia kwa masikitiko, "Kila nikija ni hivi, bwana. Hayuko."

Nikamwomba mama yangu aende. Alitoka na furushi la leso limejaa kofia, zote zimeshonwa.

"Asema mumewe hayupo, hamfungulii mwanamume asiyemjua," mama alinieleza. "Na nyuzi zimemwishia. Zamani bibi ndiye aliyezitoa nyumba hii akazipeleka ile, huku wakizungumza."

Hapo diploma ilifanya kazi yake. Nilimweleza ami kwamba mvivu hayupo, na mkusanyaji hana kosa. Daftari la duka lilionyesha kwamba waliorudisha kofia kwa wakati ni wale tu ambao waume zao walikuwa nyumbani. Ami mwenyewe ndiye aliyeyaondoa mazungumzo akidhani yanapoteza wakati, kumbe kazi ya nyumba zote ilikuwa ikipitia humo.

Ami aliguna. "Na huyu wa bara nimfukuze?"

"Mpe mizigo ya gatini. Kule miguu yake itafaa."

Ami akaenda mwenyewe kwa bibi mzee kumwomba arudi. Bibi hakumrahisishia. "Nitarudi, ila usinihesabie muda nitakaokaa."

Alasiri ile ile bibi aliingia nyumba ya Langoni na vitambaa vipya na nyuzi. Mimi na ami tulibaki nje barazani, tukiwasikia wanawake wawili wakicheka ndani. Ami akainuka kwenda kuuliza kofia zitakuwa tayari lini. Nikamshika mkono, akaketi.