Gari Jekundu la Hildegardi Lapanda Kutoka Ziwani

Nimetembea sana milima hii, toka Litembo mpaka ufukwe wa Nyasa, lakini mwanamke anayeunda gari la mbio nilimkuta Mbinga tu. Ni Hildegardi, fundi wa malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Malori yakishaondoka, alikuwa akichomelea gari lake jekundu, la viti viwili, limelala chini kama mjusi juu ya jiwe. Vyuma alivinunua kwa kuweka rehani shamba la kahawa la marehemu mama yake.

Mnunuzi alikuwepo, Mzee Adolf, mkulima mkubwa. Sharti lake: gari lipande toka Mbamba Bay, ufukweni, hadi juu milimani bila kusimama, naye akiwa ndani. Likishindwa, halichukui.

Ubishi ulikuwa kwenye injini.

"Weka ile ya dizeli, ya lori dogo," alisema mzee. "Nitakupa milioni ishirini na tano. Nikipita nataka watu watoke ndani!"

"Ile nzito, baba. Pua italala chini, kona zitakushinda. Hii ya petroli watu wawili wanaibeba. Nipe kumi na nane tu."

"Unakataa hela?"

"Nakataa kukuzika, baba."

Gereji nzima ikaangua kicheko, naye mzee akakubali.

Ili kujua kama gari litaumudu mlima, uzito wake waliupima kwenye ghala la kahawa, tairi moja moja juu ya mizani, nyingine zimeinuliwa kwa mbao. Ladislaus, mpimaji, akauliza, "Na mzee naye apande?" Hildegardi alimtazama kana kwamba katukana. Mtu mzima apimwe kama mazao? Wakaweka gunia moja la kahawa kitini badala yake. Kumbe Mzee Adolf, kwa macho yangu, ni magunia mawili yaliyoshonwa pamoja.

Siku yenyewe nilisimama kona ya juu. Nikaliona likichomoka kwenye migomba, Hildegardi kwenye usukani na mzee kando yake, ziwa linang'aa nyuma yake, likikata kona kama mbayuwayu. Mungu wangu! Hayo ni mabati na mikono ya mtu?

Kwenye mwinuko wa mwisho sauti ikanyong'onyea. Gari likawa linakwenda mwendo wangu wa miguu. Hapo nikaona gunia mapajani mwa mzee: usipa, wale dagaa wa ziwani. Mtu wa milimani akishuka ziwani, atarudije mikono mitupu?

"Baba, tupa samaki!" alipiga kelele Hildegardi.

"Nitawaambia nini nyumbani?"

"Tupa!"

Mzee akatupa. Yule ambaye hakuna aliyethubutu kumpima, ametii kama mtoto. Hildegardi akashusha gia, injini ikavuta pumzi, ikalia sauti nyembamba, na gari likanipita. Upepo wake ulinivua kofia.

Nilipowafikia juu, Mzee Adolf alikuwa ameshuka, anaizunguka boneti bila kuigusa.

"Binti," alisema polepole, "kumi na nane zako utazipata kesho asubuhi."

 Hildegardi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika. Shamba la mama yake lilikuwa limerudi.