Kidole Gumba cha Nang Charing

Wewe ungetia kidole gumba chini ya maneno ambayo hukuyasema?

Nang Charing alikataa. Nang ni dada mkubwa, na mji wetu mzima wa miwa hapa kisiwani Negros, Ufilipino, unamwita hivyo. Ni mjane, dobi wa nguo za wafungwa na askari wa gereza, na mwanawe wa pekee, Ronel, ni mkata miwa na mwanachama wa chama cha wafanyakazi.

Mwaka ule Delfin Palma alimpiga risasi meya wetu, akafungwa. Baadaye serikali ikafungua jalada jipya: eti Palma ameapa gerezani kwamba anayefuata ni gavana, na wakata miwa ndio watakaoimaliza kazi hiyo. Lilikosa shahidi tu. Angepatikana, Ronel na wenzake wangekamatwa siku hiyo hiyo.

Inspekta Villaruz akamwita Nang Charing gerezani. Nilimsindikiza, maana hajui kusoma, nikamsomea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: kwamba alimsikia Palma akiapa hivyo.

"Nani kasema haya?" akaniuliza.

"Wewe, Nang."

"Mimi? Lini? Nilikuwa nimelala?"

Inspekta akamsogezea wino. "Weka dole, mama. Kufua ni kwako, kufikiri ni kwetu."

"Palma kaniambia neno moja tu: nisitie wanga kwenye kola, inamkwaruza shingo. Andika hilo."

"Kazi ya hapa unaitaka, huitaki?"

"Naitaka. Na mwanangu namtaka." Akainua viganja. "Halafu nimetoka kupiga pasi sasa hivi, mikono ya moto. Wino huu nitaunawa kwa nini, mate? Nikigusa maji nipate pasma, nitetemeke mikono hadi kaburini? Mama yako hakukufunza?"

Karani, nyuma ya mashine yake ya chapa, aliziba mdomo asicheke. Inspekta mwenyewe akauvuta wino nyuma. Hakuna mtoto wa kwetu asiyekatazwa maji baada ya pasi.

"Haya. Kesho mikono itakuwa imepoa. Ukikataa, madobi wapo wengi. Yeyote atafaa."

Wasomi wenzangu huiita pasma ushirikina. Na waite. Mimi niliiona ikiisimamisha serikali.

Asubuhi yake madobi wote wa gereza walikuwa wamesimama langoni, mikono imeviringishwa taulo.

"Mnaumwa?" Inspekta akafoka.

"Tumepiga pasi tangu alfajiri, bwana mkubwa," akajibu bibi mmoja. "Mikono makaa matupu."

"Nyote?"

"Askari wako wana mashati mengi."

Nang Charing peke yake alikuja mikono mitupu. Akapita katikati yao, akaketi mbele ya karani.

"Yangu imepoa. Piga chapa: kola, wanga, shingo. Basi."

Karani akamtazama Inspekta. Inspekta akazitazama zile taulo, akavaa kofia, akatoka. Mashine ikaanza kulia. Nang Charing alisubiri nimsomee kila neno, ndipo akachovya kidole.