Timu Nzima ya Mguu wa Kushoto

Usiku ule nililala na hasira, na mimi si mtu wa hasira. Mimi ni mtu wa kuchekesha darasa mpaka mwalimu anasahau alikuja kufundisha nini. Lakini mchana wa siku hiyo nilisimama na bibi katika ofisi ya klabu ya Radi, hapa mtaani kwetu, tukitazama picha za wachezaji wa zamani zilizokuzwa mpaka zikawa na ukubwa wa mlango. Kesho yake zilikuwa zizinduliwe mbele ya watu. Hapo kale zilikuwa kadi ndogo tu: unanunua jojo, unakuta kadi ya mchezaji ndani, unatafuna jojo, kadi unaitunza. Babu yangu ndiye aliyezichora zote kwa mkono, chumbani kwake, kwa brashi nyembamba kama ukope. Na chini ya kila picha klabu imeandika: Mchoraji hajulikani.

Bibi akamwambia katibu, "Mwanangu, huyo asiyejulikana nimelala naye kitanda kimoja mpaka amekufa."

Katibu akacheka kwa adabu. "Sikatai, mama. Lakini hapa kila mtu anakuja na babu yake. Sahihi yake iko wapi?"

Sahihi hakuna. Bibi akajitanda vizuri, tukarudi nyumbani. Hata mimi nilikosa mzaha, na mzaha haujawahi kunikosa hata msibani.

Basi nikalala. Babu akaja.

Hakuja na kanzu nyeupe wala ukungu, kama wanavyokuja wafu wa watu wenye heshima zao. Alikuja na kaptula. Kaptula ya bluu ya Radi, imeshikwa kiunoni kwa kamba, na chini yake vile vijiti vyake alivyokuwa akiviita miguu. Nimekaa darasani, dawati la nyuma, na yeye yuko ubaoni anafuta hesabu za mwalimu kwa kiganja, taratibu, kama anafuta vumbi usoni mwa mtoto.

"We mwizi wa mke wangu," akaniita. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, maana bibi huniita mume wangu.

"Shikamoo, babu. Kumbe ulizikwa na kaptula?"

"Marahaba. Nilizikwa na sanda. Kaptula nimeazima."

Nikataka kucheka, ila darasa zima halikucheka. Nikageuka. Waliokaa kwenye madawati si wenzangu. Ni wachezaji wa kwenye kadi, na rangi zao vilevile, na nyuma ya kila mmoja ile anga ya manjano aliyoipenda babu. Wananitazama bila kupepesa, kama watu waliopigwa picha ya pasipoti na kuambiwa wasitikisike, na hakuna aliyerudi kuwaambia basi.

Akasimama Zuberi, mshambuliaji, ambaye wazee wa kijiwe cha kahawa bado wanamgombania kama vile anacheza Jumapili hii.

"Mwambie babu yako," akasema, "mimi nilifunga kwa mguu wa kulia maisha yangu yote. Leo niko kaburini, wajukuu zangu wananiita Zuberi wa kushoto. Kisa kadi."

Akainuka kipa Kondo, amekumbatia mpira. "Na hili. Muulize. Hili ni boga."

Nikamtazama babu. Hakukana. Alishusha kiganja alichokuwa anafutia, na alipokishusha hapakuwa tena na darasa. Tuko chumbani kwake. Kabati lenye kioo mlangoni liko palepale, harufu ya mafuta ya taa aliyosafishia brashi iko palepale. Juu ya kitanda kumepangwa picha za pasipoti. Vichwa tu. Vichwa na shingo.

"Hivi ndivyo walivyoniletea watu wa klabu," anasema. "Nikauliza, viwiliwili je? Wakasema timu iko safarini, utajua mwenyewe. Kiwanda cha jojo kinazitaka kadi kabla ligi haijaanza."

Basi akajua mwenyewe. Anavaa jezi mbele yangu, ile moja waliyomwazima. Anasimama mbele ya kioo, anainua mguu wa kulia kama anayepiga shuti, anaupumzisha kwenye kigoda, na anachora kile anachokiona kwenye kioo. Anashusha mguu. Anapakata boga la bibi, anachora. Mkono wa kulia una brashi, kwa hiyo wa kushoto ndio unaopozi: mara kiunoni, mara kifuani, mara juu ya boga. Bibi yuko mlangoni, msichana kabisa, ameshika taa na anacheka mpaka taa inatikisika, na kila ikitikisika kivuli cha babu kinaruka ukutani kama mchezaji kweli. Timu nzima ya Radi, kuanzia shingoni kwenda chini, ni fundi mmoja mwenye magoti mabaya.

"Sasa kwa nini hukuandika jina lako, babu?"

"Niliandika. Kona ya chini, dogo kama sisimizi. Wakalikata. Wakasema linakula nafasi ya jina la jojo."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiendelea kuchora nyusi. Halafu akasema, "Nyusi za mtu mmoja zilinimalizia asubuhi nzima. Mtoto anafungua, anatafuna, anabandika kadi ukutani kwa jojo ileile."

Mimi nikiumia huropoka. Nikasema, "Kwa hiyo kesho tukawaambie nini? Kwamba Kondo alidaka boga?"

Hakucheka. Wakati wa uhai wake angecheka.

"Tazama mkono," akasema.

Nikatazama kadi ya Kondo. Mkono wa kulia, juu ya mpira, kidole cha mwisho kimepinda kuingia ndani. Nikatazama kadi ya Zuberi. Kimepinda. Beki, kimepinda. Wote. Nikakitazama changu, kwa sababu shuleni jina langu ni Ndoano, na nimeitwa Ndoano kwa kidole hichohicho, nilichorithi kwake.

"Lakini hawa kimepinda cha kulia," nikasema. "Chako kilikuwa cha kushoto. Hata changu cha kushoto."

Akanishika mabega, mikono yake haina uzito, akanigeuza nikaelekea kwenye kioo.

"Inua."

Nikainua mkono wa kushoto. Kijana aliyekuwa ndani ya kioo akainua wa kulia.

Nyuma yangu wachezaji wote walikuwa wametufuata chumbani. Kisha wakaanza kuingia ndani ya kioo, mmoja baada ya mwingine, wakitanguliza mguu wa kushoto ambao si wao. Zuberi alisita kidogo. "Na mimi usinisahau," akasema. "Uwaambie nilikuwa wa kulia."

Babu akabaki wa mwisho. "Hawa wananidai miguu yao, na wana haki," akasema. "Lakini kidole ni changu. Nenda na kioo." Alipokuwa ameshaingia nusu, akageuka. "Usiwaambie nilikuwa hodari. Waambie nilikuwepo."

Nikaamka mkono wa kushoto uko juu, kama mwanafunzi aliyenyoosha na mwalimu hamuoni.

Bibi alikuwa uani, anachochea moto wa chai. Nikamsimulia yote, hata boga. Akaacha kuchochea. Akakishika kidole changu, akakitazama.

"Taa niliishika mimi," akasema. "Na miaka yote hii nakitafuta kwenye mkono wa kushoto."

Hakulia. Alichukua kisu cha jikoni, akaingia chumbani, akaanza kufungua skrubu za kioo cha kabati. Nikashika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukakishusha.

"Nikiinua mkono mbele ya kioo, pale klabuni, na bado wakikataa je, bibi?"

"Wakikataa, mume wangu, basi waendelee kuupigia makofi mwili wa mtu wasiyetaka kumjua. Shika vizuri. Tunatoka."